Uvuvi wa kayaki ndani ya kelpi, La Jolla: usome mwani kabla ya kutupa ndoana

Kafi Refu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wenye kayaki wengi wakiiona kelpi wanaizunguka na kwenda kuvua maji ya wazi, kwa kuogopa kunasa. Nataka kuwashawishi waingie ndani. Kayaki ndiyo chombo cha kelpi hasa: haina rafadha ya kusokotwa na mwani, na maji ya kina cha shubiri yanaitosha. Boti za injini zinaishia ukingoni, wewe unapita hadi katikati, samaki aliko. Sharti lake ni kuusoma mwani kwanza. Kelpi inakuonyesha mkondo unaelekea wapi na una nguvu kiasi gani, samaki amekaa upande upi, na ukimpata atakimbilia wapi. Asiyeisoma anarudi mkono mtupu, na ndoana zimebaki baharini. Nitaifuata siku nzima tangu alfajiri, pale La Jolla, San Diego, kusini mwa California, ambako ndiko ninakovua.

Kelpi ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Hii ya kusini mwa California ni Macrocystis pyrifera, kubwa kuliko zote. Haina mizizi ya kunyonya chakula. Huko chini ina fundo la vidole vigumu vilivyoushika mwamba, na kutoka hapo vikonyo vinapanda mita 20, mita 30 na zaidi, kila jani likiwa na kibofu chake cha hewa pale lilipoungana na kikonyo. Hali ikiwa nzuri kikonyo kinaweza kurefuka nusu mita kwa siku moja. Kikifika juu hakikomi, kinaendelea kukua kikiwa kimelala, vikonyo juu ya vikonyo, mpaka bahari inaonekana imetandikwa mkeka. Hicho kilicholala juu tunakiita paa.

Nashusha kayaki kabla jua halijatoka. Ufuo wa La Jolla Shores una mawimbi ya upole kuliko fukwe nyingi za jirani, kwa sababu korongo la chini ya bahari linafika karibu kabisa na nchi kavu na kupunguza nguvu ya wimbi linapokuja. Hata hivyo nasimama kando ya chombo na kuangalia. Mawimbi huja kwa mafungu: makubwa kadhaa yanafuatana, halafu bahari inatulia kidogo. Naingia kwenye utulivu huo, omo ikiwa imelielekea wimbi moja kwa moja, fimbo zote zimelazwa na kufungwa, hakuna ndoana inayoning'inia. Wimbi likinikuta naegemea mbele na kupiga kafi bila kusita. Kayaki iliyosimama ndiyo inayopinduliwa.

Ukishayavuka mawimbi, mshipi bado haugusi maji. Hapo uko ndani ya hifadhi ya Matlahuayl, ambayo tangu Januari 1, 2012 ni marufuku kuvua chochote ndani yake. Kupita unaruhusiwa. Kusini zaidi kuna hifadhi nyingine, South La Jolla. Kelpi inayovuliwa iko kati ya hizo mbili, kwa hiyo mipaka iwe kwenye ramani ya simu au ya GPS, usiikisie kwa macho. Leseni ya uvuvi ya California inahitajika kwa kila aliyefikisha miaka 16, na anayevua baharini kusini ya Point Arguello kwa leseni ya mwaka anahitaji na stempu ya nyongeza.

Sasa kelpi yenyewe. Nikifika ukingoni naweka kafi mapajani na kuangalia tu. Vikonyo vyote vimelalia upande mmoja: huko ndiko mkondo unakoelekea. Majani yakiwa yametulia ovyo, kila moja na njia yake, maji yamesimama, na samaki wengi hawali kwa bidii. Paa likiwa limenyooka na kuvutika, mkondo ni mzuri. Na kuna siku utafika mahali ulipoiacha kelpi juzi usiione kabisa. Haijakatwa, mkondo umekuwa mkali hadi umelivuta paa zima chini ya maji. Siku kama hiyo mimi sikai ndani, kwa sababu mkondo unaozamisha kelpi utakupeleka mbali usipotaka.

Samaki ninayemfuata ni besi wa kelpi, Paralabrax clathratus: mwili wa kahawia wenye madoa meupe mgongoni, rangi ileile ya mwanga unaopenya kwenye majani. Ni mvizia. Anakaa kivulini, kichwa kimeelekea mkondo unakotoka, anangoja dagaa waletwe na maji. Ndiyo maana ukingo unaopokea mkondo ndio ninaouanza. Baada ya hapo natafuta mianya ndani ya paa, hasa ile ambayo chini yake kuna mwamba. Mwanya wa ukubwa wa meza unatosha.

Nanga siitii. Ndani ya kelpi nanga inajisokota, na ukihitaji kuondoka haraka haitoki. Nachukua kikonyo kimoja chenye nguvu, nakipitisha juu ya mapaja, na kayaki inasimama palepale. Ukitaka kukaa muda mrefu tumia kibanio chenye kamba fupi, na ukifunge omo au tezi. Usikifunge ubavuni hata siku moja. Mkondo ukivuta chombo kwa ubavu unakipindua, na kayaki haikupi onyo.

Hapo ndipo huwa nanyanyua jani moja na kulitazama. Uso wake una makunyanzi, na ukilielekeza kwenye mwanga utaona utando mweupe, vijumba vidogo sana vya wanyama wanaoishi kwa maelfu juu ya jani moja. Geuza upande wa pili: konokono mwenye mwili wa rangi ya chungwa anatambaa, kaa mdogo wa rangi ya kelpi kabisa amekumbatia kikonyo na hataki kuachia, vijikamba vinarukaruka kwenye tone la maji. Dagaa wanakuja kwa ajili ya hivi vidogo, na besi anakuja kwa ajili ya dagaa. Ukiona jani limejaa uhai namna hiyo, tupa. Ukiona majani yamechakaa na matupu, songa mbele.

Chambo changu ni samaki bandia laini wa plastiki, urefu wa kiganja, kahawia au kijani. Ndoana ni moja tu na ncha yake imefichwa ndani ya mwili wa chambo ili isishike majani. Natupa mbele ya mwanya, nakivuta polepole juu ya paa mpaka kifike kwenye uwazi, halafu naachia kishuke pembeni ya vikonyo. Mara nyingi analiwa hapo, akiwa anashuka. Usingoje mshtuko. Mshipi unasimama kabla ya wakati wake, au unahamia pembeni pole pole bila sababu. Piga.

Kuanzia hapo una pumzi mbili au tatu. Besi hakimbilii mbali, anageuka na kurudi alikotoka, na alikotoka ni kwenye vikonyo. Breki ya rili iwe imekazwa karibu mwisho, mshipi uwe wa kusuka, wa pauni 50 au 65, na fimbo ngumu. Mshipi wa kusuka unakata majani, wa nailoni unavutika na kumpa nafasi. Mvute juu afike chini ya paa, kichwa chake kikishageukia kwako umemaliza.

Akiingia ndani, usivute kwa hasira. Legeza mshipi kabisa, ngoja. Asipohisi mvuto mara nyingi anaogelea kutoka mwenyewe. Asipotoka, fungua kibanio, ufuate mshipi wako kwa kayaki hadi ulipo juu yake kabisa, kisha nyanyua kikonyo kimoja kimoja kwa mkono. Mwenye boti kubwa hawezi kufanya hivyo, atakata mshipi na kuondoka. Wewe unaweza kumtoa samaki aliyejifunga ndani ya kelpi akiwa mzima, na ukamrudisha majini.

Nakaribisha maswali.

---

Mama Ngisi

Kaka Kafi Refu, asante sana, nimesoma mpaka mwisho. Swali langu ni la usalama. Nikipinduka ndani ya hiyo kelpi, si nitasokotwa miguu? Hilo ndilo linalonizuia. Naogelea vizuri, lakini mwani unanitisha.

---

Kafi Refu

Dada Mama Ngisi, hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kujua kelpi ilivyoumbwa. Kikonyo ni kigumu ukikivuta kwa urefu, lakini ukikikunja ghafla kinakatika, kama karoti mbichi. Wazamiaji wanakijua hicho: hawapambani nacho, wanakikunja. Kwa hiyo ukianguka, usipige miguu wala usijizungushe. Kuzunguka ndiko kunakokuvisha mwani. Lala kifudifudi juu ya maji, nyoosha miguu nyuma, sukuma majani chini ya kifua kwa mikono na utambae juu ya paa kuelekea chombo. Kisu kifupi kiwe kifuani, kwenye boya, mahali ambapo mkono wowote unakifikia.

Boya unalivaa tangu ufuoni mpaka unaporudi. Kinachoua wengi katika maji ya baridi ni zile dakika za mwanzo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, amefundisha miaka mingi kanuni ya 1-10-1: dakika 1 ya kudhibiti pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado vinatii, na saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Kanuni hiyo ni ya maji yanayokaribia barafu. La Jolla maji huwa kama nyuzi 14 majira ya baridi na hupita 20 wakati wa kiangazi, kwa hiyo muda wako ni mrefu zaidi, lakini mpangilio ni uleule. Kwanza pumzi. Halafu panda chomboni wakati mikono bado ina nguvu. Vaa nguo ya mpira ya kuzamia kulingana na maji, usiangalie jua la nje.

Na kupanda kutoka majini fanya mazoezi kwenye maji mafupi, mara nyingi, kabla hujawahi kubeba fimbo. Shika pande mbili za kayaki, acha miguu ielee nyuma, piga teke moja, jirushe tumbo juu, geuka ukae. Wanaokuja kwenye kelpi bila kuweza hili wanaomba shida.

---

Mgeni Majini

Mkuu, kayaki yangu ni ya pedali. Itaingia?

---

Kafi Refu

Itaingia, ila pandisha mapezi na usukani kabla hujagusa paa, usingoje vishike. Ndani tumia kafi. Usilichovye wima, litachota mwani. Liteleze kwa ulalo juu ya majani na ujisukume.

---

Jongoo Bahari

Wakuu, naongeza la kaskazini, maana kelpi si moja.

Kuanzia kati ya California kwenda juu mpaka Alaska kuna kelpi nyingine, Nereocystis luetkeana. Hii ina kikonyo kimoja kirefu kama kamba, na juu kabisa kibofu kimoja kikubwa cha duara chenye majani yake yote kichwani. Hewa iliyomo ndani ya kibofu hicho ina kaboni monoksidi, jambo lililowashangaza wataalamu walipoipima. Na tofauti na ile ya kwenu, hii huishi mwaka mmoja tu, lazima mbegu zake zianze upya kila majira ya kuchipua. Kwa mvuvi maana yake ni kwamba paa halifungamani sana. Unapita katikati ya vichwa, unadondosha chambo wima mpaka mwambani, na samaki ni linkodi na wale wa miamba.

Sasa hoja yangu. Kafi Refu unasema mshipi wa kusuka unakata majani, kana kwamba ni sifa. Mimi nimeishi kuona kelpi ikiondoka. Mwaka 2013 viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, walianza kufa kwa ugonjwa pwani yote ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wanayeyuka mikono ikidondoka. Yule mkubwa mwenye mikono mingi, Pycnopodia, ndiye aliyekuwa akila shokeshoke, wale wa duara wenye miiba wanaotafuna kelpi. Mwaka 2014 hadi 2016 likaja joto la bahari lisilo la kawaida. Kelpi ikadhoofika, shokeshoke wakabaki bila mtu wa kuwala, wakaitafuna iliyosalia. Kaskazini mwa California zaidi ya asilimia 90 ya paa la kelpi ilipotea. Uvuvi wa burudani wa abaloni nyekundu ukafungwa mwaka 2018 kwa sababu konokono hao walikuwa wanakufa njaa. Chini pamebaki mawe na miiba.

Chanzo cha ugonjwa wa viti vya pweza kimekuja kujulikana mwaka 2025: ni bakteria, Vibrio pectenicida. Miaka zaidi ya kumi tulikuwa gizani. Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya kukata kelpi, naumia.

---

Kafi Refu

Mzee Jongoo Bahari, nashukuru, na uchungu wako nauelewa. Nijibu kwa kutenganisha mambo mawili.

Kelpi ya huku ni ya miaka mingi, na vikonyo vipya vinatoka kila mara kwenye lile fundo la chini. Majani machache ya juu yakikatika, fundo linaendelea. Hata dhoruba za majira ya baridi huling'oa paa kubwa, na likirudi mwaka unaofuata unashindwa kuamini. Fundo la chini likitoka mwambani ndipo mmea mzima umekwisha, na hilo ndilo linalofanywa na nanga. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoitia. Kwenye kelpi yako ya mwaka mmoja nakubaliana nawe kabisa: ukikikata kikonyo kabla hakijatoa mbegu, umeondoa na watoto wake. Huko mtu avue kwa kudondosha wima na apite mbali na vichwa.

La pili ni shokeshoke. Kusini tumeponea kwa sehemu kwa sababu bado wapo wanaowala. Kamba-mawe ni mmoja. Mwingine ni sheephead, wa ukoo mmoja na pono: dume lake lina kichwa cheusi, mkia mweusi, mkanda mwekundu katikati na kidevu cheupe, na meno ya kuvunjia gamba. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa majike, na baadaye baadhi yao hugeuka madume. Kila dume kubwa unaloliona lilikuwa jike miaka iliyopita. Ukiwavua wakubwa wote, waliobaki wanageuka wangali wadogo, na domo dogo haliwezi kuvunja shokeshoke mkubwa. Mimi dume kubwa likija kwenye ndoana yangu linarudi kwenye kelpi, ingawa sheria inaniruhusu kulichukua.

---

Mtu wa Ndoana

Mkuu Kafi Refu, hapo sikubaliani. Samaki wa halali ni wa halali. Umelipia leseni, umeamka usiku, umepambana na mawimbi, halafu unarudisha? Serikali imeshaweka kipimo. Anayetimiza kipimo anakwenda jikoni. Nani kasema mimi nijue kuliko wataalamu walioweka sheria?

---

Kafi Refu

Mkuu Mtu wa Ndoana, simlaumu anayechukua samaki wa halali. Hata mimi huchukua. Lakini tazama kipimo chenyewe kilivyobadilika. Zamani besi wa kelpi alikuwa halali akiwa na inchi 12, na ulichukua 10 kwa siku. Machi 2013 ikawa inchi 14, karibu sentimita 35 na nusu, na 5 kwa siku. Walipunguza kwa sababu samaki walikuwa wanakwisha wakati wavuvi wote wakiwa ndani ya sheria. Kwangu mimi kipimo ni mpaka ambao chini yake siruhusiwi kwenda, hakinilazimishi kujaza mfuko.

Besi hakui haraka. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Jike kubwa linabeba mayai mengi kupita kiasi kuliko yale madogo mawili au matatu ukiyajumlisha. Tena samaki huyu anapenda mahali pake, hahami sana. Ukimwondoa mkubwa kwenye mwanya fulani, mwanya huo utakuwa na wadogo tu kwa muda mrefu, na wewe ndiye unayerudi kuvua hapo. Kwa hiyo nachukua mmoja au wawili waliopita kipimo kwa kidogo, wanaotosha mlo, na wakubwa naachia. Nikimshika naloanisha mikono kwanza, namshika domo na tumbo, simning'inizi kwa domo tu, na hakai nje ya maji kuliko ninavyoweza kubana pumzi.

Wengine wawili hawachukuliwi kabisa, kila mtu ajue. Garibaldi, yule wa rangi ya chungwa kali unayemwona hata ukiwa juu ya maji, ni samaki rasmi wa bahari wa jimbo la California tangu 1995 na analindwa. Na besi mkubwa wa bahari, Stereolepis gigas, anayeweza kupita kilo 200, amelindwa tangu 1982. Akikushika, utajua kwa jinsi kayaki inavyoburutwa. Kata mshipi karibu na domo, usimpandishe.

---

Mtu wa Ndoana

Sawa, hilo la mwanya kubaki na wadogo limeniingia. Kuna sehemu yangu niliyokuwa nikipata wazuri na sasa ni vidogo vitupu. Bado nasema kila mtu na uamuzi wake, lakini nimekusikia.

---

Dada Pwani

Mnisamehe kuingilia. Simba-bahari na papa mnafanyaje nao? Nimeona video simba-bahari akimnyakua samaki mkononi mwa mtu.

---

Kafi Refu

Dada, simba-bahari ndiye mwizi wa kweli wa kelpi. Akishajua unavua, atakaa nawe asubuhi nzima. Huruhusiwi kumpiga wala kumsumbua, sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inawalinda mamalia wote wa baharini. Kinachofaa ni kuhama. Toa mshipi majini, piga kafi mpaka ufike kelpi nyingine, na usiachie samaki akiwa karibu, maana huyo uliyemrudisha kwa huruma ataliwa mbele ya macho yako. Mwachie chini ya paa, kwenye majani mazito, apate pa kujificha.

Papa: wale wenye madoa unaowaona kwenye maji mafupi ya La Jolla Shores majira ya joto, papa-chui, hawana madhara, wanapenda maji ya uvuguvugu ya ufuoni. Papa mweupe yupo pwani hii, hasa wachanga. Ninachofanya ni kutoburuta samaki anayetoka damu kwa kamba nje ya chombo. Samaki anaingia kwenye mfuko wa barafu, juu ya kayaki. Mfuko huo unalinda pia nyama, kwa hiyo huna sababu ya kuuacha nyumbani.

Ninaloliogopa kuliko papa ni ukungu na boti. Ukungu wa asubuhi pwani hii huingia ghafla, na mwenye boti haoni kayaki. Bendera ndefu nyuma, filimbi, redio ya VHF kwenye chaneli 16, dira. Ukungu ukikukuta ndani ya kelpi, baki ndani ya kelpi. Boti hazipiti humo.

---

Jongoo Bahari

Hilo la kubaki ndani ya kelpi liandikwe kwa herufi kubwa. Na niongeze moja: mawimbi madogo ya upepo yanafia kwenye paa. Ukiwa ndani maji yako laini kabisa na unadhani bahari nzima imetulia. Tazama nje ya ukingo kila baada ya muda. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi huko nje, upepo umeshaingia na wewe hujui.

---

Kafi Refu

Kweli tupu, mzee. Ndiyo sababu mimi huanza kurudi kabla ya adhuhuri. Upepo wa baharini hupata nguvu mchana, na mwili ulioanza alfajiri hauna tena mikono ileile. Wakati wa kurudi nakata mkondo kwa ulalo, naacha ukingo wa kelpi unisaidie kukinga mawimbi kwa umbali ninaoweza, na nikifika karibu na ufuo nafunga tena kila kitu kama alfajiri. Kutua ni kugumu kuliko kutoka. Ngoja nje ya mahali mawimbi yanapovunjikia, acha fungu kubwa lipite, halafu fuata mgongo wa wimbi la mwisho, usitangulie mbele yake. Likikukamata na kukugeuza ubavu, egemea upande wa wimbi na uweke kafi juu yake. Ukianguka, angukia upande wa bahari, ili kayaki isije ikakugonga wewe uliyesimama kati yake na mchanga.

---

Mama Ngisi

Kaka, nimefanya mazoezi ya kupanda kutoka majini kama ulivyosema, sasa nakaa bila kuhema. Jumamosi nina kayaki ya kuazima. Utabiri unasema wimbi la futi 2, muda wa sekunde 14, upepo mdogo mpaka saa 4 asubuhi. Niende?

---

Kafi Refu

Dada, hongera. Futi 2 ni ndogo, lakini hiyo sekunde 14 uisome vizuri. Muda mrefu kati ya wimbi na wimbi maana yake limetoka mbali na limebeba nguvu, likifika mahali pafupi litainuka kuliko futi 2 zilizoandikwa. Faida yake ni kwamba utulivu kati ya mafungu nao unakuwa mrefu. Nenda, lakini simama ufuoni nusu saa nzima kabla ya kushusha chombo, uhesabu mawimbi ya kila fungu na dakika za utulivu. Fungu kubwa likikushinda kulitazama, rudi nyumbani.

Ukitoka salama, mara hii beba fimbo moja tu na ndoana moja. Fika ukingoni, shika kikonyo kimoja, kaa. Uone vikonyo vinalalia wapi, uangalie kama vinabadilika maji yanapojaa. Saa 3 na nusu uwe umeshaelekea nchi kavu, usingoje huo upepo wa saa 4. Na mtu wa pili awe nawe, mwenye kayaki yake. Kama huna, nipo Jumamosi, nitumie ujumbe tupange saa.

---

Jongoo Bahari

Nami nitateremka wiki hiyo, nije nione hilo paa lenu. Nani ana kibanio cha ziada?

---

Mtu wa Ndoana

Ninavyo viwili, mzee. Nakuletea kimoja.